Kilomita Zisizo na Nzi

Kila Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Erwin Noske alifungua kabati la nguo, akatoa betri ya baiskeli iliyokuwa imelala katikati ya sweta za mkewe ili isipigwe na baridi, akaenda nayo uani akaichomeka kwenye fremu mpaka ikalia tak. Kioo kidogo kwenye usukani kikawaka na kuandika asilimia mia. Alipima upepo wa matairi kwa kipimo, si kwa kidole gumba kama wafanyavyo wavivu, kwa sababu tairi legevu linakula kilomita nne bila kusema. Akafunga kwenye kapu la nyuma chupa ya chai na sandwichi mbili za kondoo baridi na achari ya haradali. Maji alibeba nusu lita tu. Kilo ni kilo.

Kisha akasimama kizingitini, akalamba kidole, akasikiliza upepo unatoka wapi. Ukitoka kaskazini, aliondoka mapema kabla haujapata nguvu. Ukitoka kusini, alisubiri robo saa.

Betri ni kama maji ya safari. Anayekunywa kwa furaha asubuhi ndiye anayelia mchana. Mota ya baiskeli ile ilikuwa na ngazi nne za kumsaidia mpandaji. Ngazi ya nne ilimpeleka mtu kama ana deni na polisi, na ilikata chaji yote kwa kilomita thelathini na tano. Erwin alitumia ya kwanza peke yake, na penye mteremko mdogo au upepo wa mgongoni aliizima kabisa akakanyaga kwa magoti yake ya miaka sabini na tatu. Kwa njia hiyo betri ilimpa kilomita tisini na sita, siku njema. Nusu yake ni arobaini na nane. Hapo ndipo dunia yake ilipokomea, maana mbele ya hapo hakuna kurudi.

Safari ilikuwa ya kwenda Stannard, kwenye makaburi, kumwona mkewe Verna. Kibao cha serikali kwenye kona ya kutokea mji wa Gerrabip kilisema Stannard ni kilomita arobaini na moja. Kibao hicho kilisema kweli zamani, wakati Gerrabip ilipokuwa na zahanati, benki, basi la Jumanne na gari la wagonjwa. Tangu hapo wakubwa walikuwa wamefunga kitu kimoja baada ya kingine, na kila walipofunga kitu barabara ilirefuka. Hilo halikuwa siri. Ilirefuka usiku ule ule, taratibu, bila kelele, na asubuhi palikuwa na lami, nguzo nyeupe za pembeni na uzio kama kawaida. Zahanati iliongeza kilomita moja. Gari la wagonjwa liliongeza mbili.

Kilomita mpya Erwin alizijua kwa nzi. Katika nchi ile ya ngano nzi humfuata mtu mwaka mzima, wanamkalia mgongoni kama abiria. Lakini kila alipoingia kwenye kipande kipya cha barabara, nzi waliinuka wote wakabaki nyuma, wakamsubiri ili warudi naye. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na ngano ambayo hakuna aliyeipanda. Mageti hayakuwa na majina ya wenye mashamba.

Kabla ya kustaafu, Erwin alikuwa mpima mizani kwenye maghala ya nafaka, miaka thelathini na moja, malori ya ngano yakipanda na kushuka mbele yake. Mizani yake haikupata kukosea zaidi ya kilo ishirini. Leseni ya gari ilimtoka siku alipozimia kanisani wakati wa wimbo wa pili. Daktari aliandika mstari mmoja tu, na huo ulitosha. Basi akanunua baiskeli ya umeme, na siku ya kwanza alipoipanda, kipimo chake kikasoma kilomita arobaini na nne mpaka geti la makaburi. Akarudia mara tatu. Arobaini na nne.

Ndipo alipoelewa jambo la mkewe. Usiku Verna alipobanwa na kifua, gari la wagonjwa lilitoka Stannard, na sheria inasema kwa kilomita arobaini na moja dakika thelathini na saba zinatosha. Lilifika baada ya dakika arobaini. Kijana aliyeliendesha alikaa kwenye ngazi za jikoni, kofia mkononi, akasema walikimbia kwa mwendo wote wa gari, na mji ukawa haufiki. Kwenye ripoti waliandika kwamba dereva alichelewa. Kijana akahamishwa. Na Verna wakamzika Stannard, kwa kuwa makaburi ya Gerrabip nayo yalikuwa yamefungwa, kamati yake ikiwa imebaki na mjumbe mmoja, naye ni yeye Verna.

Makaburini Verna alikuwa akimsubiri kwenye bomba la maji, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa vile vile, ila hakuwa na miwani tena wala hakuihitaji. Walikunywa chai. Verna aliishika tu kwa ajili ya joto.

"Umenenepa au betri imezeeka?" aliuliza mwanzoni mwa majira ya baridi, Erwin alipochelewa robo saa.

"Betri."

"Ndivyo walivyosema kuhusu moyo wangu."

Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba majirani zake pale ni watu wa Stannard, na watu wa Stannard, hata wakifa, huzungumzia bei za viwanja. Alitaka habari za nyumbani. Erwin hakuwa msemaji, miaka arobaini na sita ya ndoa yeye alikuwa wa kuitikia. Sasa alizikusanya habari wiki nzima, akaziandika nyuma ya bahasha, akamsomea: nani amepaka rangi mlango, mbwa wa nani amekufa, mvua milimita ngapi. Alhamisi ndizo siku alizozungumza. Kuanzia Ijumaa hadi Jumatano, asipokuwa anamwambia birika lichemke, hakuna aliyemsikia.

Baada ya chai alikuwa akiipeleka betri maktaba ya halmashauri kule mjini Stannard, akaichomeka kwenye soketi iliyo nyuma ya rafu ya vitabu vya bustani, akakaa karibu nayo saa mbili akijidai anasoma. Hiyo ilimpa kilomita za akiba, na hakuwa na haja ya kuogopa upepo. Alhamisi moja alikuta soketi imezibwa kwa kipande cha plastiki, na juu yake karatasi. Mkutubi, mwanamke aitwaye Jocelyn, alikuja kabla hajamaliza kuisoma. Aliona haya.

"Ni agizo la juu, Mzee Noske. Betri za baiskeli ni marufuku kuchajiwa ndani ya jengo lolote la halmashauri. Wanasema zinalipuka."

"Hii imelala kabatini mwangu miaka miwili. Hata kukoroma haikoromi."

"Najua."

"Hao waliosema, wana magari ya umeme?"

Jocelyn alitazama dirishani. Nje, kwenye maegesho ya halmashauri, magari mawili meupe yalikuwa yamechomekwa ukutani. Alisema yale yana bima yake. Mikahawa nayo ikafuata agizo lile lile ndani ya mwezi, kila mmoja na karatasi yake, na kwenye makaburi kulikuwa na bomba la maji tu.

Kufikia hapo Gerrabip ilikuwa imepoteza benki na basi la Jumanne, na barabara ilikuwa kilomita arobaini na saba. Kwenda na kurudi tisini na nne. Betri ilikuwa na tisini na sita. Erwin aliziishi kilomita zile mbili zilizobaki kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Aliacha chupa ya maji nyumbani. Alinyoa ndevu. Aliipenda ile safari kuliko alivyowahi kupenda kitu kingine, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa sita wakafunga posta.

Alhamisi iliyofuata kipimo kilisoma hamsini na moja kwenye geti la makaburi. Alijua kuanzia kilomita ya thelathini, nzi walipoinuka mahali ambapo wiki iliyopita hawakuinuka. Angeweza kugeuka. Hakugeuka. Alikunywa chai na mkewe, akamsomea bahasha, kisha akarudi, na kilomita sita kabla ya nyumbani kioo kikazimika. Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ina uzito wa kilo ishirini na tano na tabia ya punda aliyeamua. Aliisukuma. Magari mawili yalipita na wenyewe wakainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama ilivyo desturi, wakaendelea. Alifika jua likizama, akalala na viatu.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, na alipofika kilomita ya arobaini na nane, akiwa anajiuliza, alimwona Verna anakuja kwa miguu kando ya barabara, mkoba mkononi, kama mtu aliyeshuka basi.

"Mwanamume mwenye akili angegeuka wiki ile," alisema.

"Ungenisema."

"Ningekusema ndiyo. Lakini ningekusema ukiwa na magoti yako."

Alikuwa amekwishapiga hesabu zake. Makaburi hufunguliwa saa nne na mtu wa halmashauri, na saa kumi kamili mtu huyo huyo hupiga kufuli na kwenda zake, na hataki kujua nani yuko ndani na nani yuko nje. Mfu anayefungiwa nje haruhusiwi kuingia tena bila kibali kipya cha maziko, na kibali huchukua wiki sita. Kwa hiyo alikuwa na saa sita. Alikuwa anatembea kilomita nne kwa saa, hakuwahi kuwa mwepesi. "Wewe una betri, mimi nina geti," alisema. "Tukutane katikati kama watu wazima."

Basi Erwin alinunua kiti cha kukunja chepesi, cha Verna, na yeye mwenyewe alikaa chini, akiegemea nguzo. Walikutana hivyo majira yote ya baridi. Malori ya kondoo yalipita. Wenye malori walimwona mzee na mkewe wanakunywa chai kando ya barabara, wakainua kidole.

Jirani pekee aliyebaki kwenye mtaa wake, Glenys Pohlner, alimwambia auze nyumba ahamie Stannard, awe karibu. Erwin alimwonyesha barua ya dalali. Nyumba ilikuwa sokoni mwaka wa tatu. Watu wa kununua walikuja mara mbili, wakatazama saa zao, wakasema mji ni mzuri lakini uko mbali kidogo kuliko walivyoambiwa. Glenys mwenyewe akapakia vyombo mwezi wa nane akaenda kwa bintiye pwani. Alimwachia mtungi wa maua na ufunguo wa nyumba ambayo hakuna atakayeifungua.

Sasa lilikuja jambo la petroli, na hilo wakubwa hawakulifanya kwa mikono yao. Wenye magari walikuwa hawajui kitu kuhusu kilomita. Gari halina adabu ya kuhesabu. Mtu anakanyaga, linakwenda. Lakini walianza kuona kwamba tangi lililokuwa likiwapeleka Stannard mara tatu sasa linawapeleka mara mbili na nusu. Wakakaa baa, wakatafuta mwizi, wakampata: Kelvin Rasche, mwenye pampu pekee ya mafuta Gerrabip. Walisema anatia maji. Mmoja alisema amemwona na ndoo.

Erwin, ambaye haendi baa, alikwenda jioni moja. Alisimama kando ya meza ya biliadi akawaeleza kwamba si petroli, ni barabara, na akawasomea namba zake kutoka kwenye daftari, tarehe kwa tarehe.

"Wewe una baiskeli, Erwin," alisema mkulima mmoja, Trevor Heinz, bila ubaya. "Petroli utaijulia wapi?"

"Barabara imerefuka, Trevor. Unajua."

"Najua imerefuka. Nani asiyejua. Lakini Kelvin naye anatia maji."

Wakaacha kununua kwake. Wakawa wanajaza Stannard, na baada ya wiki tisa Kelvin akafunga pampu, akaondoka na mke na watoto wanne, na kwa kuwa watoto wanne walikuwa theluthi ya shule, shule nayo ikaanza kuandikiwa barua. Usiku Kelvin alipoondoka barabara iliongeza kilomita nne. Hamsini na tano. Trevor Heinz alikwama na trekta lake kilomita mbili kutoka mjini, tangi kavu, akarudi kwa miguu.

Verna sasa alitembea kilomita saba kuja na saba kurudi. Alikuwa anafika na vumbi mpaka magotini, na kila alipofika alivua kwanza viatu.

Ilikuwapo sheria. Erwin aliipata kwenye karatasi ya serikali iliyofungiwa samaki. Mji ulio zaidi ya kilomita sitini kutoka hospitali una haki ya basi mara moja kwa wiki na muuguzi wa kudumu. Sitini bado hazijafika, alijua, lakini alijua pia mwendo wa mambo. Akaiandikia idara ya barabara ije ipime mapema, mambo yawe kwenye maandishi. Aliandika barua tatu kwa mkono, na herufi zake kubwa, na katika zote hakuandika neno la makaburi. Aliandika basi. Basi lingemfikisha getini kabla Verna hajavaa viatu.

Idara ilimtuma msichana mmoja, Tahlia Cassar, na gari lenye chombo cha kupimia chini ya bampa, kinachohesabu hadi sentimita. Alikuwa na adabu. Alikunywa chai jikoni kwa Erwin, akasifu keki yenye chenga tamu juu, akasema chombo cha baiskeli kwa bahati mbaya hakijaidhinishwa, lakini hakuona ubaya waende sambamba, yeye na gari, Erwin na baiskeli, ili mzee ajionee.

Wakatoka Alhamisi saa moja asubuhi. Tahlia aliendesha polepole ubavuni mwake, kioo kimeshushwa, akimuuliza habari za ngano na akimsimulia kuhusu mbwa wake. Kilomita ya kumi na tatu nzi waliinuka. Gari la idara, ambalo lilikuwa limekaribiana na goti la Erwin kiasi cha kugusa, lilikuwa tayari kwenye mti ulio kilomita tatu mbele. Halikuongeza mwendo. Lilikuwa hapa, kisha likawa pale, kama ushanga kwenye uzi uliokunjwa.

Alimkuta kwenye ule mti baada ya dakika tisa. Alikuwa ameegesha.

"Mbona unasimama simama, mzee? Umechoka?"

Erwin alisema hakusimama. Alimwonyesha kipimo, kilomita kumi na sita. Tahlia alitazama chake, kumi na tatu, akakigonga kwa ukucha kwa heshima ya mgeni, kisha wakaendelea. Ikawa hivyo kwenye kila kipande. Mara ya pili alimsubiri. Mara ya tatu alimsubiri na uso wa huruma. Mara ya nne hakuwapo kwenye upeo wa macho kabisa, na Erwin alikanyaga peke yake, akafika Stannard akiwa ametumia asilimia hamsini na nane, akamkuta amemaliza kula mkate wake juu ya bonneti.

"Arobaini na moja kamili," alisema. "Na sentimita kumi na mbili. Nimezihesabu na hizo."

"Kwako."

"Samahani?"

"Kwako ni arobaini na moja. Mliokuja kufunga posta mlifika dakika ishirini na tano, mkanywa chai mkaondoka. Mimi mke wangu alisubiri arobaini."

Tahlia alifunga daftari lake. Alisema kwa upole kwamba betri hizi zikizeeka huchanganya, na baba yake mwenyewe alikuwa na moja. Alijitolea kumrudisha na baiskeli yake kwenye gari. Erwin alikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya, na akiwa ndani ya gari lile, kiti cha ngozi, akaona kwa macho yake barabara ikiwa fupi. Dakika ishirini na sita. Hapakuwa na ngano ya wasiojulikana wala mageti yasiyo na majina. Alimuuliza kama angeweza kumleta kila Alhamisi. Alicheka, akidhani ni utani wa wazee, akasema angependa.

Siku hiyo Verna alitembea kilomita kumi na moja akimtafuta, na hakumkuta. Verna alikuwa amekuja na barabara ndefu baada ya geti kufunguliwa, wakati Erwin anarudi kwenye fupi ndani ya gari. Verna alimweleza wiki iliyofuata. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba alikaa nusu saa kwenye mawe, na kwamba kilomita kumi na moja ndizo za mwisho alizo nazo, zaidi ya hapo geti litamshinda.

"Basi tuna jumla yetu," alisema Erwin. "Arobaini na nane zangu, kumi na moja zako."

"Hamsini na tisa."

"Zinatosha."

"Zinatosha leo," alisema Verna.

Jibu la idara lilikuja kwa barua, kutoka Stannard, siku kumi na mbili njiani. Lilisema barabara imepimwa kwa chombo kilichoidhinishwa, mlalamikaji akiwapo, na urefu wake ni kilomita arobaini na moja. Kwa hiyo Gerrabip haistahili basi. Lilisema pia kwamba shauri limefungwa. Usiku huo Erwin alilala macho akisikiliza, maana hakuwa na hakika kama shauri nalo huhesabiwa, lakini asubuhi barabara ilikuwa vile vile.

Shule na ukumbi wa mji vilifungwa mwezi mmoja, wa kumi na moja. Walikuja watu watatu kwa gari jeupe, wakabandika karatasi, wakawapiga picha watoto wanane waliobaki. Usiku ule barabara iliongeza kilomita saba.

Alhamisi Erwin alitoka na upepo mwema. Alizima mota kwenye kila inchi iliyoruhusu. Alipofika arobaini na nane kioo kilisoma asilimia hamsini na moja, akashuka, akakikunjua kiti cha Verna, akasubiri. Saa sita na dakika arobaini na tano akaona kitu mbele, mahali ambapo lami inayeyuka kuwa maji. Macho yake ya karibu yalikuwa mabovu, ya mbali yalikuwa mazima. Ilikuwa nukta, ndogo kama punje ya mtama, nyeupe. Ilisimama. Haikuja mbele zaidi.

Kati yao palikuwa na kilomita tatu, mpya, zilizonyooka, na ngano isiyo ya mtu yeyote pande zote mbili.

Alifikiri kwenda. Sita za kwenda na kurudi, na hizo sita angezisukuma mwishoni. Magoti yangefanya mara moja, labda mara mbili. Lakini Alhamisi zilikuwa nyingi kuliko magoti, na Verna alikwishamwambia. Aliona ikikaa chini. Basi naye akakaa, safari hii kwenye kiti, akatoa bahasha, akasoma habari kwa sauti: shule, ukumbi, milimita nne za mvua, mlimau umezaa. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kaskazini, ulizichukua habari zote ukazirudisha Gerrabip. Baadaye akanyamaza ili na yeye asemewe. Aliona nukta ikitikisika kidogo, kama mtu anayetumia mikono anapozungumza. Hakusikia neno. Baada ya nusu saa nukta iliinuka, ikawa ndogo, ikaisha.

Walifanya hivyo Alhamisi tisa.

Mwezi wa pili idara ilileta kibao kipya kwenye kona ya kutokea mjini, cha rangi inayong'aa taa ikikipiga. STANNARD 41. Vijana waliokisimika walikuwa wachapakazi, walichimba shimo la haki na kuweka saruji. Trevor Heinz aliegesha, akakisoma kibao chote kana kwamba kina maneno mengi, akamwambia Erwin kwamba angalau wametukumbuka. Wiki hiyo hiyo askofu aliandika kwamba kanisa la Gerrabip, lenye waumini sita, litaunganishwa na la Stannard, na kwamba anaelewa ni umbali mfupi.

Kanisa liliongeza kilomita tatu.

Alhamisi Erwin alipima upepo wa matairi, akalamba kidole, akaondoka. Kwenye arobaini na nane alishuka akakunjua kiti, akakielekeza Stannard. Saa sita na dakika arobaini na tano alitazama. Barabara ilikwenda mpaka ilipokuwa maji, na juu ya maji hapakuwa na kitu. Aliondoa kofia ili asizibwe. Hapakuwa na kitu. Kilomita sita ni nyingi hata kwa macho ya mbali.

Alisoma bahasha yote. Kisha akanyamaza nusu saa, kwa kuwa Verna naye alikuwa na yake ya kusema, na haikuwa adabu kuondoka mtu akiwa katikati ya maneno. Saa saba na robo alikunja kiti, akakifunga kwenye kapu, akatazama chaji, akageuza baiskeli.